Safari ya Donge Moja

Wifi yangu hakuvaa saa maisha yake yote. Alisema mkono wa mwokaji mikate ukishavaa saa unaanza kutazamwa badala ya kufanya kazi. Muda wake ulikaa ndani ya beseni. Akimaliza kukanda unga asubuhi anaufunika kwa kitambaa, na tangu hapo mpaka unga uumuke, ujae beseni na kukiinua kitambaa kama mtoto anayechungulia kutoka chini ya shuka, huo kwake ulikuwa muda mmoja, na jina lake donge.

Nyumba nzima ilihesabu hivyo. Kwenda sokoni na kurudi ni robo donge. Harusi ni donge moja na nusu, bwana harusi akichelewa ni mawili. Marehemu kaka yangu alipokwenda kumposa tuliwekwa sebuleni madonge mawili mazima tukisubiri jibu. Njaa ilinishika nikala ua lililokuwa kwenye chombo juu ya meza, na mpaka leo kwao wanadhani lilinyauka.

Kazi ya mkate aliikuta kwetu. Mama yangu alikuwa na chachu kwenye mtungi wa udongo nyuma ya tanuri. Hii si hamira ya pakiti, ni chachu yenyewe: unga na maji vilivyochachuka na kufugwa miaka na miaka, kila siku unachota kipande cha kuumulia mkate, kila siku unairudishia unga na maji ili isife. Siku mama alipomkabidhi wifi ule mtungi hakumpigia hotuba.

"Mumeo akiugua, muite daktari," alimwambia. "Chachu ikiugua, niite mimi."

Ilikuwa chachu yenye nguvu. Siku moja wifi alisahau kuweka kifuniko, tukaamka tukakuta donge limetoka nje, limevuka barabara, limeingia kwa fundi cherehani, na fundi wa watu ameshalipima kiuno anataka kulishonea suruali. Anayebisha na akamuulize fundi. Alishakufa, lakini akamuulize.

Kaka alipofariki, wifi alibaki na tanuri, mtungi na binti mmoja. Binti tulimwita Kijiko, kwa sababu tangu anatambaa hakupita karibu na beseni bila kuchovya kidole na kulamba. Wifi alimlea kwa mkate. Alimvalisha kwa mkate, akamsomesha kwa mkate, na alipokosea alimchapa kwa mkate wa jana, na mkate wa jana una adabu yake. Kijiko akakua, akapata kazi kwenye hoteli kubwa katika mji wa mbali, mji wa baridi, akapanda ndege akaenda. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha masufuria. Miaka ikapita, yeye na sufuria, sufuria na yeye, na kila akipiga simu alikuwa anasema, "Mama, iko siku nitaingia upande wa mikate."

Basi Jumatano moja nimekaa kwa wifi nakunywa chai yake, simu ikaita. Wifi akaiweka sauti ya juu, maana anajua nisiposikia nitaugua.

"Mama, nimepewa nafasi ya mwisho," Kijiko alisema.

"Ya mwisho ya nini?"

"Ya kuoka. Nimejaribu mara mbili, mara zote mkate umetoka kama tofali. Sasa bwana mkubwa wa mikate amesema Jumamosi jioni nioke tena, mbele yake. Mkate ukikubali, naingia kwenye mikate. Ukikataa, nirudi kwenye masufuria na nisimuulize tena maisha yangu yote."

"Unatumia chachu gani?"

"Hamira ya dukani, mama."

Wifi akafumba macho kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Mwanangu, hamira ya dukani ni kibarua. Inamaliza kazi jioni, kesho haikujui. Wewe unataka chachu ya nyumbani, iliyokuona unaota meno."

"Ndiyo maana nimepiga. Huku kuna baridi, mama, unga unalala tu. Nitafanyaje?"

"Utanipokea," wifi akasema.

Safari ya kumtembelea Kijiko ilikuwa imeshapangwa kwa mwezi uliofuata, pasipoti na mihuri yake vyote tayari. Kilichobaki ni kuiwahisha, na Kijiko akaiwahisha. Tiketi ilipofika tukaisoma wote wawili, mimi nikishika karatasi, wifi akishika miwani. Ndege inaondoka Jumamosi saa nne asubuhi. Inafika Jumamosi hiyo hiyo, saa nane mchana.

Wifi akapiga kofi paja.

"Donge moja! Wifi, mtoto yuko donge moja tu! Miaka yote tunamlilia kama kahamia mwezini, kumbe yuko hapo nyuma ya nyumba!"

"Kwa dada yako tunapanda basi madonge mawili," nikamwambia, "na wala hajavuka mto."

"Ndege ina mbio, bwana."

Ndiyo hesabu tuliyoipiga, na ilitulia vizuri kabisa kichwani. Hakuna aliyetuambia kwamba saa za mji ule zinakaa nyuma ya zetu. Ukikimbia kuelekea upande jua linakozama, jua nalo linakusubiri, kwa hiyo unaweza kusafiri kutwa nzima ukafika mchana ule ule. Nani angetuambia? Jua la kwetu halijawahi kumsubiri mtu.

Sasa, mtu mwingine angebeba kipande cha chachu kwenye kikopo. Wifi akaona huo ni ubahili wa akili. Kama safari ni donge moja, kwa nini asikande unga wote kabisa, autie kwenye ndoo, aufunike, nao uumuke njiani ukiwa umekaa kwenye kiti kama abiria? Akifika, mkate ni kutiwa tanuri tu. Jumamosi asubuhi akakanda donge la kujaza nusu ya ndoo kubwa yenye kifuniko. Akaniachia mtungi na maagizo yake, akafunga kilemba kipya, nikamsindikiza uwanja wa ndege.

Kwenye mashine ya ukaguzi askari akaizuia ndoo.

"Mama, humu kuna nini?"

"Mkate."

"Huu si mkate."

"Bado mtoto."

Askari akalibonyeza donge kwa kidole. Akatoa kidole. Shimo likajaa lenyewe taratibu, na juu yake likatokea povu moja, likapasuka, pwa.

"Linapumua!" askari akaruka nyuma.

"Wewe acha kupumua tuone utafika wapi," wifi akamwambia. "Nipishe, mwanangu, nina mtu ananingoja."

Akapita. Mimi nilibaki ng'ambo ya kioo. Yaliyofuata sikuyaona kwa macho, lakini nimesimuliwa na wifi mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nakumbuka hata nilikaa kiti gani.

Ndoo iliwekwa kwenye kabati la juu ya viti. Pembeni ya wifi alikaa babu mmoja mwenye upara unaong'aa, anakwenda kuwaona wajukuu, na ameshasafiri njia ile mpaka anaijua kama kiganja chake. Ndege ikapaa. Wifi akasali, akamaliza, akaona bado yuko hai, ndipo akaanza mazungumzo.

"Saa nane tutakuwa tumefika, eti babu?"

"Saa nane ya kule."

"Saa nane si saa nane?"

Babu akacheka. "Mama, kule ikigonga saa nane mchana, nyumbani kwako watakuwa wameshawasha taa. Tunakwenda saa kumi nzima angani. Kilomita elfu nane hizi, unafanya mchezo?"

Wifi akainua macho. Kwenye kioo kidogo mbele ya kiti kulikuwa na ramani, na juu ya ramani kindege cheupe kimeganda kama nzi kwenye gundi. Akahesabu kwa vidole.

"Madonge mawili na nusu!"

"Madonge gani?"

"Hilo lililo juu ya kichwa chako."

Maana yeye anajua unga. Donge likipitiliza muda wake haliendelei kukua kwa adabu. Linajaa kupita kiasi, linaanguka, linachacha, na ukilioka unapata kitu bapa cha kuvalia miguuni. Akaona mwanawe amesimama mbele ya yule bwana wa mikate na kandambili mkononi. Akaona masufuria, maisha yote masufuria, na aliyemrudisha huko ni mama yake mzazi kwa kutaka kumrahisishia.

Kabla hajameza mate, kifuniko cha ndoo kikalia, pwap. Mlango wa kabati ukaanza kufunguka wenyewe, taratibu, kama mlango wa mgonjwa. Donge likachungulia, likaona watu, likapenda, likashuka. Wifi anasema lilining'inia kidogo tu. Mimi nasema lilishuka mpaka kwenye upara wa babu na kumvalisha kofia, na babu akashukuru kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kinamuumiza.

Mhudumu wa ndege akaja mbio. Msichana nadhifu, sketi imepigwa pasi mpaka inakata.

"Mama, tafadhali, ondoa hicho... hicho kiumbe."

"Kimepatwa na joto. Mna barafu, binti yangu?"

"Barafu ni ya vinywaji."

"Nami sina shida na vinywaji. Chukua soda yangu, nipe barafu yake."

"Mama, sheria haziruhusu."

Wifi akamshika mkono. Hakumlilia wala hakumbembeleza. Alimweleza tu, kama ninavyowaeleza ninyi: Kijiko, miaka ya masufuria, tofali la kwanza, tofali la pili, jioni ya leo. Watu wa viti vya mbele wakageuka kusikiliza, wa nyuma wakasimama. Mwanamke mmoja akatoa leso.

"Nikichelewesha unga huu kidogo tu, ana nafasi," wifi akamaliza. "Ukiendelea kukaa kwenye joto hili, hana."

Mhudumu akatazama mbele, akatazama nyuma.

"Droo ya chini kule jikoni ina barafu," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini likitoka tena, nalikatia tiketi."

Ila donge lililojaa hewa huwezi kulitia kwenye baridi hivyo hivyo, lazima kwanza ulikande liteme pumzi. Wifi akakunjua ile meza ndogo ya kiti, akanyunyiza unga aliofunga kwenye pindo la khanga, akakunja mikono ya gauni, akaanza kazi. Mjue kwamba wifi akikanda, nyumba ya jirani vikombe vinacheza kabatini. Mabawa yakatikisika. Soda zikamwagika. Mara sauti ya rubani ikatangaza kwamba tunapita mahali penye misukosuko ya hewa, abiria wote wafunge mikanda. Hewa ilikuwa shwari kama maji ya mtungi. Ilikuwa wifi yangu.

Donge likaingia kwenye barafu. Kutoka hapo safari ikawa na utaratibu. Babu anakikodolea kioo cha ramani, anapaza sauti.

"Elfu sita zimebaki!"

Wifi anainuka, anakwenda jikoni mwa ndege, analikunja donge na kuliminya, anarudi.

"Elfu tano!"

Anainuka tena. Kufika elfu nne abiria wa viti vya nyuma walikuwa wanapokea na kuitikia, na wifi akipita ujiani wanamuuliza, "Limeamkaje, mama?" kama wanamuuliza mzazi. Kwenye dirisha jua lilikuwa limesimama pale pale, halisogei. Wifi akalitazama akalisonya.

"Leo ndiyo umejua kusubiri watu?"

Ndege ikatua saa nane mchana, kama tiketi ilivyoahidi, Jumamosi ile ile, huku sisi nyumbani tunafunga madirisha. Kijiko alikuwa mlangoni kajifunika koti kama godoro. Wakakumbatiana mpaka watu wakawapita kushoto na kulia. Kisha Kijiko akaiona ndoo, akafungua kifuniko, na harufu ikamgonga usoni.

"Mama, limechacha."

"Najua."

Lilikuwa limelegea, linavutika kama kamasi, matundu mwili mzima. Barafu ilikuwa imelichelewesha, haikuwa imelizuia. Wifi akajikalisha juu ya kitoroli cha mizigo. Mwanamke yule ambaye sikumwona akiinamisha kichwa hata siku tulipomzika kaka, aliinamisha.

"Nilidhani ni donge moja," akasema. "Nimekuharibia, mwanangu. Ningebeba kikopo kama watu wazima wenye akili."

Kijiko alikuwa ameshachovya kidole, anaonja. Akachovya tena.

"Mama, inuka."

"Niinuke nifanye nini?"

"Huu hauwi mkate, kweli. Lakini sasa ni chachu! Chachu ya ndoo nzima, kali, iliyoiva! Ungeleta kipande cha kikopo, kwa baridi hii kingelala mpaka kesho kutwa nami jioni ya leo ningeaibika. Hii ndoo nikiichanganya na unga mpya, inauinua kabla jua halijazama. Inuka, tuna donge moja tu!"

Wifi akainuka. Aliruka, kwa kweli, na kitoroli kikaondoka chenyewe kikampokea mtu mwingine.

Jiko la hoteli lilikuwa refu kama barabara. Meza za chuma zinazong'aa, sakafu yenye majimaji, masufuria yananing'inia juu yamepangwa kwa ukubwa, na kwenye kona karai la kuoshea ambalo Kijiko alikuwa amelifia miaka yote. Tanuri lilikuwa na mlango wa kioo na vitufe. Bwana mkubwa wa mikate alisimama pembeni, pande la mtu, vidole vinene vyenye alama za moto. Wifi akavitazama vile vidole akamwamkia kwa heshima, maana alama za tanuri hazidanganyi. Yule naye akaitazama mikono ya wifi, akamvutia gunia la unga akalie.

Wifi hakukaa. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni.

"Mama, kaa," Kijiko akamwambia.

"Nikusaidie kukanda tu."

"Ukikanda wewe atakuajiri wewe. Kaa."

Hapo ndipo wifi alipofanya kazi ngumu kuliko zote alizofanya duniani. Alikaa juu ya gunia, akaibana mikono yake katikati ya magoti, akatazama.

Kijiko akamimina unga, akachimba kisima katikati, akatia maji ya vuguvugu, chumvi, kisha ndoo yote. Akakanda. Alikanda kwa bega, kwa kiuno, kwa miaka yote ya karai. Akafunika kwa kitambaa. Wenzake waoshaji wakaacha masufuria wakasimama na mikono ya povu. Wakangoja. Bwana wa mikate alitazama saa ya ukutani. Kijiko na mama yake walitazama kitambaa.

Kitambaa kikapumua. Kikainuka upande mmoja. Halafu kikainuka chote, kikabaki juu kama kofia, na bwana mkubwa akaisahau saa yake akasogea kuchungulia.

Kijiko akakata madonge, akayaviringa, akayachora kwa wembe, akayatia tanurini. Mikate ikapanda nyuma ya kioo, ikapasuka pale pale alipoichora, ikapata rangi ya hudhurungi. Alipoitoa ilikuwa inaalika ganda, tika tika tika, jiko zima limenyamaza kuisikiliza.

Bwana wa mikate akachukua mmoja, akaugonga chini kwa kidole. Ukaitika kama mlango wa nyumba ya tajiri. Akaumega. Moshi ukapanda. Akanusa, akatia mdomoni.

"Anasemaje?" wifi akanong'ona.

"Bado anatafuna, mama."

Akamega tena. Akatafuna. Akamega tena.

"Sasa anasemaje?"

"Mama, jamani!"

Yule mtu akamaliza mkate mzima amesimama. Halafu akapita nyuma ya Kijiko, akaifungua ile aproni ya mpira ya kuoshea vyombo, akaivua, akaitupa juu ya karai. Akavua ya kwake, nyeupe, yenye vumbi la unga, akamvalisha Kijiko na kumfunga kamba mgongoni. Ndipo akasema neno, kwa lugha ya kule, na Kijiko akashindwa kumtafsiria mama yake kwa sababu alikuwa analia. Mwoshaji mmoja ndiye aliyepiga sufuria kwa mwiko. Mwingine akapokea. Mara jiko zima likawa ngoma, mifuniko inagongana, miiko inapiga meza, na wifi yangu yuko juu ya gunia la unga amesimama wima, anapiga vigelegele mpaka wageni kule ukumbini wakaweka vijiko chini.

Wageni hao walikuwa wanangoja mkate wao. Mikate ikapangwa kwenye trei ndefu. Bwana mkubwa akashika upande mmoja, Kijiko akashika upande wa pili, wakausukuma mlango wa ukumbi kwa mabega, na aliyetangulia kuingia alikuwa Kijiko.